Skrubu Mbili Ndefu

Bwenini, 2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Afya yako siiulizi, maana mama amesema hujambo na umenenepa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Hapa tunaruhusiwa simu ya ofisini tu, Jumapili, dakika tatu kila mtu, na mimi kwenye simu unanijua. Dakika ya kwanza nasalimia, ya pili nakohoa, ya tatu nasema "haya". Kwenye karatasi hakuna anayesimama nyuma yangu akigongagonga saa.

Nakuandikia wewe kwa sababu katika ukoo mzima ni wewe peke yako unayeendesha kitu kwa redio. Klabu yetu ya sayansi imeunda gari dogo la mashindano, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mota ipo, betri ipo, magurudumu tumeyakata wenyewe. Kilichobaki ni mdomo na sikio: rimoti ya kushika mkononi, na risiva, yaani kile kiboksi kidogo ndani ya gari kinachopokea amri. Mwalimu wa fizikia amenipa mimi kazi ya kuchagua. Si kwamba ninajua sana. Vijitabu vyote vimeandikwa kwa ile lugha ya darasani, na wenzangu wanasema mimi ndiye ninayeielewa bila kuisema. Shangazi, ukweli ni kwamba nina lugha mbili na kwa zote mbili nanyamaza. Hapa wananiita Chinichini.

Duka limetuazima rimoti tatu tuzijaribu, na bei zake hazipishani sana, kwa hiyo hatuwezi kusingizia bei. Zote zina umbo la bastola: unavuta kwa kidole gari linakwenda, unazungusha kigurudumu cha ubavuni linakata kona. Ya kwanza nyekundu, nyepesi, imekuja na risiva yake. Ya pili ina skrini ya rangi na chaneli kumi na moja, na kila mtu akiishika hataki kuiachia. Ya tatu ni ya kijivu. Haina la kusifiwa, isipokuwa risiva yake ni ndogo kama kiberiti.

Mashindano ni tarehe moja Aprili, shule sita, kwenye uwanja wetu wa mpira wa kikapu, mizunguko thelathini. Nataka gari hili lisiniaibishe. Niangalie nini kwanza? Umbali?

Binti ya kaka yako,
Chinichini


Kiwandani, 11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako ana deni la kunieleza nani kanenepa.

Barua yako nimeisoma wakati wa chai, kwa sauti, mbele ya zamu nzima. Usikasirike! Watu wa chuma wana masikio mazito, lazima usome kwa sauti. Sasa kiwanda kizima kinajua kwamba binti ya kaka yangu ni dereva wa gari la mashindano. Mpiga kalibu, yule mzee wa ndevu anayetengeneza maumbo ya mchanga tunayomimina chuma, ameshasema ukishinda ataandika jina lako kwenye mchanga alimiminie chuma. Nikamwambia asubiri, damu ya udereva hiyo inatoka upande wangu.

Haya, kazi. Wewe umeniuliza umbali. Kila mgeni huanza na umbali, utadhani anataka kuendesha gari hadi nchi jirani. Uwanja wa kikapu ni hatua thelathini, rimoti yoyote isiyo mbovu itafika.

Mimi sanduku langu la njano, yaani rimoti ya kreni, nalifunga kiunoni kwa mkanda. Juu ya kichwa changu kreni inatembea kwenye reli chini ya paa, nayo imebeba ndoo ya chuma kilichoyeyuka, tunayoiita Bibi Harusi kwa sababu akipita watu wote wanampisha. Unadhani ninachowaza ni umbali? Nawaza jambo moja tu: sanduku langu likinyamaza, Bibi Harusi atafanya nini? Asimame. Asiende na neno la mwisho alilolisikia. Kwa hiyo usiulize gari lako linasikia kutoka wapi. Uliza likiwa halisikii, litafanya nini.

La pili: unawasha rimoti kwanza, gari baadaye. Ukizima, gari kwanza, rimoti mwisho. Mdomo huamka kabla ya sikio, na hulala baada yake. Ukikosea mpangilio huo utanikumbuka.

La tatu: kabla ya kazi tembea kinyumenyume huku mwenzako amelishika gari, ukigeuza usukani kulia na kushoto, mpaka ufike mwisho wa uwanja, uone kama magurudumu bado yanakutii. Watakucheka. Mimi walinicheka mwaka mzima.

Kwenye nguzo namba nne ya kiwanda chetu kuna kovu, chuma kimebonyea mahali pa kutosha kulaza kichwa. Alilifanya dereva wa kabla yangu, hakuwa anaujua mkono wake. Kila asubuhi nalipita nalitazama. Mimi ni namba moja hapa, mwanangu, na wewe utakuwa namba moja huko.

Shangazi yako


Bwenini, 19 Februari

Shangazi,

Nimekukumbuka.

Ilikuwa Jumatano, tunajaribu ile nyekundu kwenye veranda. Kengele ya chakula ikalia, nikababaika, nikazima rimoti kabla ya gari. Gari lilikuwa juu ya tofali, magurudumu yanazunguka. Likashuka. Shangazi, liliondoka kama lina ahadi na mtu! Likaingia bwaloni kwa mlango wa mbele, likapita chini ya meza ya kidato cha pili, nikasikia mayowe yanasafiri kutoka meza hadi meza kama mtu anapiga marimba. Mpishi mkuu aliinua mguu mmoja likapita, akaushusha, akaniuliza, "Hili la nani?" Likagonga ndoo ya maji likalala ubavu, bado linazunguka. Nilitaka kusema langu. Nilinyoosha mkono tu, kama shahidi.

Mwalimu hakunigombeza. Alisema, "Sasa tumejua kitu kuhusu hii nyekundu." Nimesoma kijitabu chake mara mbili, hakuna popote pa kulipangia gari la kufanya ukimya ukiingia. Linaendelea na neno la mwisho, kama ulivyosema. Nyekundu imerudi dukani.

Zimebaki mbili, na zote zina huo mpango. Kijitabu kinauita kwa jina refu, mimi nimeuita amri ya kimya. Unaishika rimoti, unaliambia gari: siku usiponisikia, nyoosha magurudumu, kata moto, funga breki. Linahifadhi. Nimeipenda sana habari hiyo, sijui kwa nini.

Kuhusu risiva: lazima iozeshwe na rimoti yake, unabonyeza kitufe kidogo, taa inapepesa, ikitulia wameoana. Baada ya hapo hata shule sita ziwashe rimoti pamoja, sikio letu halimsikilizi mwingine. Risiva ya ile ya skrini ni pana, imenilazimu kuibana karibu na mota, na mota ina kelele za umeme. Ya kijivu imeingia vizuri mbele, antena yake nimeisimamisha ndani ya mrija wa soda. Chaneli tunazohitaji ni mbili, moja ya usukani na moja ya mwendo. Ya tatu labda taa. Zile kumi na moja sijui ni za nini, labda za kupikia.

Betri za kijivu zinakaa saa nyingi zaidi. Uzito wake gramu mia nne na kumi. Usukani wake umefungwa kwa skrubu mbili. Mpini una mpira.

Klabu nzima wanataka ya skrini. Nifanyeje?

Chinichini


Kiwandani, 27 Februari

Mwanangu,

Mpiga kalibu amecheka habari ya bwaloni mpaka amekaa chini kwenye mchanga wake.

Lakini mimi nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu sikucheka. Umenieleza risiva, antena, mrija, gramu. Kurasa nne, na ndani yake sijakuona wewe unaendesha. Mtu akinunua kiatu akakueleza uzi, soli na rangi, asikuambie kinambana au hakimbani, ujue kiatu si chake.

Na hizo skrubu mbili umezitaja za nini? Mtu hataji skrubu bure.

Nikuulize swali moja, unijibu hilo tu. Rimoti hiyo utaishika kwa mkono gani?

Shangazi


Bwenini, 6 Machi

Shangazi,

Swali lako nimekaa nalo siku mbili kwenye mfuko wa sketi.

Mimi si dereva. Sikukuambia kuwa ni mimi, lakini uliposema zamu nzima inajua, sikukurekebisha, na kunyamaza nako ni kusema. Dereva ni Tarumbeta. Ndiye anayelala kitanda cha juu yangu, ndiye mwenyekiti wa klabu, na anaitwa hivyo kwa sababu hata akinong'ona mlinzi wa getini anageuka. Si mtu mbaya, Shangazi. Nikiumwa ni yeye anayenisemea kwa nesi. Fomu ya mashindano ina mstari umeandikwa "Dereva", na kwa kuwa mwandiko wangu ndio mzuri, nilipewa mimi niijaze. Nimeliandika jina lake kwa mkono wangu mwenyewe. Wa kushoto.

Sasa skrubu. Rimoti za bastola zote zimetengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Unashika mpini kwa kushoto, unazungusha usukani kwa kulia. Mimi usukani kwa mkono wa kulia ni kama kupiga mswaki kwa mguu. Ya skrini huwezi kuibadilisha. Ya kijivu, ukurasa wa thelathini na moja, maandishi madogo: ukifungua skrubu mbili ndefu, usukani unatoka, unahamia upande wa kushoto, unaufunga kwa skrubu mbili fupi zilizomo kwenye kimfuko.

Nimeshafanya. Hakuna anayejua. Jumamosi alfajiri, wengine wakiwa bado wanapanga foleni ya kuoga, niliuhamisha usukani nikaenda uwanjani na gari. Mzunguko bora wa Tarumbeta ni sekunde kumi na tatu. Mimi nilizunguka kwa kumi na moja. Nikadhani saa imekosea, nikarudia. Kumi na moja. Nikarudia tena kwa sababu ilikuwa tamu. Shangazi, kona ya chini ya goli, ambayo wote wanaipunguzia mwendo, mimi sikuipunguzia. Mkono wangu uliijua kabla yangu.

Kisha nikarudisha usukani kulia, nikakaza skrubu ndefu, nikaenda darasani.

Hiki ndicho kinachonisumbua. Nimeandika ripoti kwamba ya kijivu ndiyo bora: sikio dogo, amri ya kimya inapangika, chaneli zinatosha. Yote ni kweli. Lakini naogopa niliichagua kwanza kwa ajili yangu, ndipo nikalitafutia gari sababu. Na majina kwenye fomu yanaweza kubadilishwa mpaka tarehe ishirini na tano. Ili jina libadilishwe, lazima mtu asimame mbele ya klabu aseme neno. Unajua ni nani huyo mtu.

Samahani kwa kukuaibisha kiwandani.

Chinichini


Kiwandani, 14 Machi

Mwanangu,

Hukuniaibisha. Sasa zamu yangu.

Hakukuwa na dereva wa sanduku kabla yangu. Zamani kreni iliendeshwa na mtu aliyekaa juu kwenye kibanda. Sanduku la redio lilipokuja, wa kwanza kulifunga kiunoni nilikuwa mimi. Kovu la nguzo namba nne ni langu.

Na unajua sababu yake, maana huo mkono hukuurithi kwa baba yako. Siku masanduku yanaagizwa, msimamizi wa zamu alituita ofisini kwake, karatasi mkononi, akauliza, "Kuna mwenye maoni?" Kijitabu kilikuwa mezani. Niliona kwa macho yangu kwamba masanduku hayo yanatengenezwa pia yakiwa na mkono mkubwa wa kuendeshea upande wa kushoto. Nikatazama viatu vyangu. Mimi, ninayesoma barua za watu kwa sauti wakati wa chai! Nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani, nikaona nikianza na "mimi nataka langu tofauti" watasema, "Si tulijua?" Nikasema hapana maoni, bosi.

Miezi minne baadaye, kulia na kushoto vilinichanganya nusu sekunde. Ndoo ikagonga nguzo; ilikuwa tupu, shukuru. Tangu hapo nimeufundisha mkono wa kulia kama mtoto mkaidi, miaka tisa, na namba moja ni kweli mimi ni namba moja. Ila ni kwa mkono usio wangu, na jioni bega linaniuma, na hilo sijamwambia mtu.

Unaniuliza kama umechagua kwa ajili yako au kwa ajili ya gari. Swali la kitoto, nisamehe. Gari halina mkono. Rimoti inayomkaa vizuri anayeishika, hiyo ndiyo iliyo nzuri kwa gari. Sekunde mbili kila mzunguko, mara thelathini. Kafanye hesabu hiyo mbele ya klabu kama neno linakukwama. Namba hazina aibu.

Na ile amri ya kimya uliyoipenda. Ni nzuri kwa mashine, mwanangu: usiposikia kitu, simama, funga breki. Mtu haimfai. Sisi wawili tumeifuata vya kutosha.

Sikupi amri. Fomu ni yako na mkono ni wako. Mpiga kalibu sijamwambia kitu.

Shangazi


Bwenini, 22 Machi

Shangazi,

Fupi, kwa sababu masomo ya jioni yanaanza sasa hivi.

Jana kwenye klabu mwalimu aliuliza nani ana maoni kuhusu rimoti. Niliposikia maneno hayo hayo, niliona ile ofisi yako na viatu vyako. Nikainuka. Nilienda ubaoni nikaandika: 13 × 30, halafu 11 × 30. Nikatoa. Sitini.

Tarumbeta akasema, "Hiyo kumi na moja ya nani?"

Nikasema, "Yangu."

Akasema, "Sema tena, watu wa nyuma hawajasikia." Nikadhani ananicheka, kumbe hakusikia kweli. Nikasema tena. Tukatoka wote uwanjani. Nikafungua zile skrubu mbele yao. Nikaendesha mizunguko mitano, na hakuna aliyeongea, na kwa mara ya kwanza kimya hakikuwa changu.

Tarumbeta akaomba aijaribu. Akalipeleka gari moja kwa moja kwenye kapu la mipira. "Hii imekosewa!" akapiga kelele. Nikamwambia haijakosewa. Akachukua fomu, akakata jina lake, akaandika langu. Mwandiko wake mbaya kama nini! Akasema, "Ila mimi siwezi kukaa bure, nitakuwa nakutangazia." Maana dereva anatazama gari lake tu, lazima mwenzake amwambie nani yuko nyuma na mizunguko imebaki mingapi. Tumegundua kwamba sauti yake inafika uwanja mzima.

Ya kijivu imeshinda kwa kura. Ya skrini imerudi dukani, mmoja wetu aliisindikiza hadi getini.

Chinichini


Bwenini, 3 Aprili

Shangazi,

Shikamoo tena, na hii uisome kwa sauti wakati wa chai. Nakuruhusu.

Asubuhi ya mashindano nilitembea kinyumenyume uwanja mzima, nikigeuza usukani, Tarumbeta amelishika gari juu kama mtoto wa kubatizwa. Shule tano zilicheka. Mwamuzi mmoja akauliza, "Dada, unarudi nyumbani?" Nikaendelea hadi ukutani.

Tulikuwa wa pili kati ya sita. Wa kwanza walikuwa wale wenye magurudumu ya dukani, na walitupita kwa urefu wa gari moja na nusu, na si zaidi. Mzunguko wa kasi kuliko yote ulikuwa wa kwetu: sekunde kumi na nukta nne. Waliutangaza kwa kipaza sauti. Waliitaja shule, wakaanza kutafuta jina la dereva kwenye karatasi, hawakuweza kulisoma kwa sababu ya ule mwandiko wa Tarumbeta. Mwamuzi akauliza, "Dereva ni nani hapa?" Tarumbeta alifungua mdomo, Shangazi, nikamwona anaufungua, nikamkanyaga mguu.

"Mimi," nikasema. Watu wa nyuma walisikia. Nimewauliza.

Baadaye madereva wa shule nyingine walikuja kuishika rimoti yetu. Kila mmoja alilipeleka gari kwenye ukuta, akairudisha rimoti akisema ni mbovu. Sikubishana. Ila kuna msichana mmoja, mfupi, aliishika akalizungusha gari kona ya goli bila kupunguza, akanitazama, nikamtazama. Nimemwandikia kwenye mgongo wa kiganja: ukurasa wa thelathini na moja. Kiganja cha kulia, maana cha kushoto alikuwa anakitumia.

Mwambie mpiga kalibu sijashinda, kwa hiyo asiandike. Au aandike kwa herufi ndogo.

Ndani ya bahasha hii utakuta skrubu mbili ndefu. Ni zile za upande wa kulia. Mwalimu alisema tuzihifadhi, pengine siku moja tutataka kuurudisha usukani ulikokuwa. Nimemwambia hatutataka. Zichukue, uziweke mezani kwa msimamizi wa zamu yako, usubiri akuulize ni za nini.

Kisha umweleze.

Dereva,
binti ya kaka yako